Tathmini: kanzidata ya kesi za Arusha, na jinsi ya kuitumia kuzuia mauaji ya kimbari

Anwani ni ucr.irmct.org na matumizi ni bure. Ndani yake mna rekodi za wazi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda (ICTR), ile iliyokaa Arusha katika jengo la AICC hadi ilipofungwa 31 Desemba 2015, pamoja na za mahakama ya Yugoslavia ya zamani iliyokuwa The Hague. Kanzidata inaendeshwa na IRMCT, chombo cha Umoja wa Mataifa kilichorithi kazi za mahakama hizo mbili. Tawi lake la Arusha liko Lakilaki, nje ya mji. Tathmini hii inahusu upande wa Arusha peke yake.

Kipimo tulichotumia ni kimoja: je, huduma hii inamfaa mtu anayetaka mauaji ya kimbari yasitokee? Tunamfikiria mtangazaji wa redio ya jamii, mhariri, mwalimu wa sheria, mtendaji wa kata, na mtu wa shirika la haki za binadamu anayekusanya ushahidi. Jibu letu ni ndiyo. Hatujui hazina nyingine ya bure katika ukanda huu inayoonyesha kwa undani namna hii jinsi neno linavyogeuka panga, siku kwa siku, wilaya kwa wilaya. Lakini anayeingia bila kujua anatafuta nini atapakua hukumu ya kesi ya Butare, yenye kurasa zaidi ya 1,500, na kuiacha ukurasa wa kumi.

Kwanza, kwa nini kesi zilizokwisha ziwe chombo cha kuzuia? Mkataba wa Mauaji ya Kimbari wa 9 Desemba 1948 unazibana nchi kwa mambo mawili, kuzuia na kuadhibu, na kifungu chake cha 3 kinataja makosa matano: kuua kimbari kwenyewe, kula njama, uchochezi wa moja kwa moja na wa hadharani, kujaribu, na kushiriki. Katika hayo, njama na uchochezi ni makosa yanayokamilika kabla damu haijamwagika. Mchochezi ana hatia tangu maneno yamtoke hadharani akiwa na nia ile, hata kama hakuna aliyeinua rungu. Hapo ndipo sheria ya jinai inapoweza kufika mapema. Tatizo ni kwamba watu wengi wanaotakiwa kuutambua uchochezi hawajawahi kuona ukipimwa mbele ya majaji. Kanzidata hii inauonyesha.

Sasa yaliyomo. Mahakama ilianzishwa na Azimio 955 la Baraza la Usalama, 8 Novemba 1994. Iliwafungulia mashtaka watu 93: 62 walihukumiwa vifungo, 14 waliachiwa huru, 10 kesi zao zilipelekwa kwenye mahakama za nchi, na waliobaki ni waliofariki, waliofutiwa mashtaka au waliokuwa bado wakisakwa. Kwa kila kesi utakuta hati ya mashtaka na marekebisho yake, maombi ya pande mbili, maamuzi madogomadogo ya majaji, mwenendo wa shauri neno kwa neno, vielelezo, hukumu, na rufani. Watafutaji wengi huishia kwenye hukumu. Mwenendo wa shauri na vielelezo ndiyo nyama yenyewe.

Usitafute kwa jina la mtu, tafuta kwa namba ya kesi. Chukua ICTR-96-4-T. 96 ni mwaka wa hati ya mashtaka, 4 ni namba ya kesi, T ni hatua ya kusikilizwa. Herufi ya mwisho ikiwa A ni rufani, I ni hatua ya mashtaka, R ni mapitio. Ukiona AR72 au AR73 ni rufani ndogo iliyokatwa kesi ikiwa bado inaendelea, na R11bis ni ombi la kuipeleka kesi kwenye mahakama ya nchi fulani.

Kuna mtego hapa unaowanasa hata mawakili. Kesi zilipounganishwa zilipewa namba mpya, na nyaraka za awali zikabaki chini ya namba ya zamani. Kesi ya vyombo vya habari, ya waasisi wawili wa redio RTLM na mhariri wa gazeti Kangura, ni ICTR-99-52, lakini kabla ya hapo Ferdinand Nahimana alikuwa ICTR-96-11, Hassan Ngeze ICTR-97-27, na Jean-Bosco Barayagwiza ICTR-97-19. Uamuzi wa rufani wa 3 Novemba 1999 ulioamuru Barayagwiza aachiwe kwa sababu haki zake zilikiukwa kizuizini, na ule wa 31 Machi 2000 uliobatilisha amri hiyo, uko kwenye namba ya zamani. Ukitafuta 99-52 pekee utadhani haukuwahi kutolewa. Basi, kabla ya kutafuta chochote, fungua ukurasa wa mwanzo wa hukumu, soma historia ya shauri (kwa kawaida iko sehemu ya mwanzo kabisa au kwenye kiambatisho), na uandike pembeni namba zote alizowahi kupewa mshtakiwa.

Anza na Akayesu, ICTR-96-4-T, hukumu ya 2 Septemba 1998. Ndiyo hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari baada ya kusikiliza ushahidi, nusu karne tangu mkataba uandikwe. Ina aya zaidi ya 700. Usizisome zote kwa mkupuo. Soma kwanza sehemu ya matukio ya Taba, kwa sababu humo mna funzo la kuzuia ambalo halizungumzwi vya kutosha.

Jean-Paul Akayesu alikuwa burugumesta, yaani mkuu, wa komuni (kitengo cha utawala cha mtaa) ya Taba, mkoa wa Gitarama. Majaji walikubali kwamba katika siku za mwanzo baada ya 6 Aprili 1994 (siku rais wa Rwanda alipouawa na mauaji yakaanza), mauaji yakiwa yameshapamba moto Kigali, yeye alijaribu kuyazuia Taba, na kwamba hadi 18 Aprili mauaji ya halaiki hayakuwa yametokea huko. Tarehe 18 ulifanyika mkutano Murambi, Gitarama, ambako viongozi wa serikali ya mpito walikutana na maburugumesta. Baada ya mkutano ule akageuka. Asubuhi ya 19 Aprili, huko Gishyeshye, alisimama mbele ya watu zaidi ya 100 waliokusanyika kwenye mwili wa kijana wa Interahamwe, wanamgambo wa Kihutu, akawahimiza waungane kummaliza adui mmoja tu, yaani vibaraka wa Inkotanyi (jina la wapiganaji wa RPF, waasi waliokuwa wakipigana na serikali). Komuni hiyohiyo ikaishia na Watutsi wasiopungua 2,000 waliouawa kati ya 7 Aprili na mwisho wa Juni.

Zisome hizo siku kumi na mbili kwa makini. Mtu mmoja mwenye mamlaka ya mtaa alipokataa, komuni ilishikilia. Alipokubali, haikuchukua hata siku mbili. Ukimfundisha mkuu wa tarafa au mtendaji wa kata kuhusu wajibu wake wa kisheria, mpe kurasa hizi kabla ya kumpa kifungu chochote cha mkataba.

Kisha nenda aya ya 549 hadi 562, majaji wanapoeleza uchochezi ni nini. Aya ya 557 ndiyo ya kuikariri. Inasema kwamba kigezo cha "moja kwa moja" kipimwe kwa utamaduni na lugha ya wasikilizaji, kwani hotuba ileile inaweza kuwa ya moja kwa moja katika nchi moja na isiwe hivyo katika nyingine. Wanaposhughulikia shtaka la 4, aya ya 672 hadi 675, wanaitumia kanuni hiyo: Akayesu hakutamka neno "Watutsi" kwenye ile kauli kuhusu adui, lakini alijua kwamba umati ungesikia "Watutsi", na umati ukasikia hivyo.

Msemaji wa Kiswahili hawezi kuipita aya hiyo haraka, maana lugha yetu ni ya mafumbo. Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi wa Kenya, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliweka "madoadoa" na "kwekwe" kwenye orodha ya maneno ya chuki. Kwenye kamusi, hayo ni mabaka na magugu. Kwenye jukwaa la kisiasa la Bonde la Ufa, kila mtu anajua doa linalotakiwa kufutwa ni nani. Mahakama ya Arusha imeshaeleza namna ya kuthibitisha maana ya aina hiyo kortini: mlete mtaalamu wa lugha, onyesha historia ya neno, lete wasikilizaji waliokuwepo waseme walielewa nini, kisha angalia walifanya nini baada ya kusikia.

Namna ya kumtumia mtaalamu wa lugha iko kwenye hukumu hiyohiyo, aya ya 145 hadi 154. Mathias Ruzindana, profesa wa isimu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, aliitwa kueleza maneno kama Inkotanyi, inyenzi (mende), icyitso (kibaraka) na Interahamwe. Majaji pia waliwauliza wakalimani rasmi wa mahakama juu ya maneno manne yaliyotafsiriwa yote kuwa ubakaji: gusambanya, kurungora, kuryamana, na gufata ku ngufu. Yaangalie kwa karibu. Kuryamana, kama sikio la Mswahili linavyokisia, ni kulala pamoja, kitanda kimoja, na maana yake hutegemea muktadha. Kurungora ni kumwingilia mwanamke, iwe ameridhia au hakuridhia. Gusambanya ni kumtia mtu katika uzinzi. Gufata ku ngufu ni kuchukua kitu chochote kwa nguvu, na pia kubaka. Shahidi anayesema neno la pili hajasema kama kulikuwa na ridhaa, na mkalimani akiandika "alibakwa" ameshamjibia swali ambalo hakuulizwa. Majaji walilazimika kurudi kwenye mazingira ya kila tukio. Anayekusanya maelezo ya manusura Kivu au Ituri kwa Kiswahili afanye vivyo hivyo: aandike neno la shahidi lilivyo, kisha aulize tena kilichotokea, bila kulipamba wala kulisafisha.

Tukiwa bado hapo, tafuta hati ya mashtaka ya kwanza ya Akayesu na uilinganishe na ile iliyorekebishwa 17 Juni 1997. Ya kwanza haina shtaka la ubakaji hata moja. Kesi ilianza Januari 1997, na ni mashahidi wawili, J na H, waliofungua mdomo wakiwa kizimbani, huku majaji, miongoni mwao Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, wakiwauliza zaidi. Baada ya hapo ndipo mashtaka ya 13, 14 na 15 yakaongezwa. Hukumu ikaishia kutamka, kwa mara ya kwanza katika historia ya mahakama za kimataifa, kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari ukifanywa kwa nia ya kuliangamiza kundi. Bila maswali yale shauri lingekwisha bila neno juu ya jambo hilo.

Hukumu ya pili ya lazima ni ya vyombo vya habari, ICTR-99-52, inayohusu redio RTLM na gazeti Kangura. Hapa ndipo watu wengi hukosea, na kosa lenyewe ni kubwa. Hukumu ya kwanza ilitolewa 3 Desemba 2003, ina aya zaidi ya 1,000, imeandikwa kwa nguvu, na ndiyo inayonukuliwa kila kona. Lakini Chumba cha Rufani kilitoa yake 28 Novemba 2007 na kubadilisha mengi. Kifungo cha maisha cha Nahimana kikawa miaka 30, cha Ngeze kikawa miaka 35, na miaka 35 ya Barayagwiza ikawa 32. Zaidi ya adhabu, sheria yenyewe ilinyooshwa. Ukinukuu ya 2003 bila kuangalia ya 2007, unanukuu kitu ambacho huenda kimefutwa.

Mambo matatu ya rufani hiyo ni ya kuyashika. La kwanza liko kwenye aya ya 677 na 678: kushawishi ni njia ya kushiriki kosa lililotendwa, ilhali uchochezi wa hadharani wa mauaji ya kimbari ni kosa kamili lenyewe, hata kama hakuna aliyeuawa kwa sababu yake. La pili liko aya ya 692 na 693: hotuba ya chuki peke yake si uchochezi wa mauaji ya kimbari. Mara nyingi chuki hutangulia au huandamana na uchochezi, lakini kinachoadhibiwa na kifungu hicho ni wito wenyewe wa kutenda. La tatu ni wakati. Majaji walikubali kwamba matangazo ya RTLM kati ya 1 Januari na 6 Aprili 1994 yalichochea chuki ya kikabila, ila hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba yalitoa wito wa moja kwa moja wa kuua kimbari. Wito huo waliuona kwenye baadhi ya matangazo ya baada ya 6 Aprili.

Kuna tangazo la 4 Juni 1994 ambalo kila mwalimu wa uandishi wa habari anapaswa kulisoma kwenye maandishi ya kesi hii. Mtangazaji Kantano Habimana anawaambia wasikilizaji kwamba wanaotakiwa kuangamizwa ni wa kabila moja, kisha anawapa alama za kuwatambua: urefu, sura, na pua. Linganisha tangazo hilo na yale ya Januari na Februari mwaka huohuo. Mpangilie mwanafunzi matangazo matatu au manne kwa tarehe, mwambie aweke alama pale chuki inapogeuka amri. Huchukua kama saa mbili darasani, na hakuna mhadhara unaofikia zoezi hilo.

Mpaka huu una uchungu wake, na hatuoni sababu ya kuuficha. Kwa mtu wa kuzuia, 6 Aprili ni kuchelewa. Sumu ilikuwa imeshamwagwa miaka kadhaa. Kangura namba 6 ilichapisha ile inayoitwa "Amri Kumi za Wahutu" Desemba 1990. Lakini mamlaka ya mahakama yalihusu makosa ya kuanzia 1 Januari hadi 31 Desemba 1994 tu, kwa hiyo matoleo ya 1990 hadi 1993 yanaweza kutumika kama muktadha tu. Somo la kivitendo ni kwamba kesi ya mauaji ya kimbari ni mlango wa mwisho. Miaka ya kabla yake ni kazi ya sheria za nchi za matamshi ya chuki, leseni za utangazaji, na mabaraza ya habari. Ukiisubiri jinai ya kimataifa ifike, imefika wakati redio inasoma alama za pua.

Mtu wa redio Afrika Mashariki huuliza pia kuhusu kesi ya Joshua arap Sang, mtangazaji wa redio wa Kenya. Hiyo haimo humu. Ilikuwa ICC, The Hague, mashtaka yalikuwa ya makosa dhidi ya ubinadamu, na majaji waliisitisha 5 Aprili 2016 kwa uhaba wa ushahidi. Kumbuka tu kwamba kwenye Mkataba wa Roma, uchochezi kama kosa linalojitegemea umewekwa kwa mauaji ya kimbari pekee, kifungu cha 25(3)(e).

Kesi mbili fupi za nyongeza. Simon Bikindi, mwanamuziki, alihukumiwa miaka 15 tarehe 2 Desemba 2008. Wengi hudhani ni kwa nyimbo zake. Sivyo. Alitiwa hatiani kwa maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti mwishoni mwa Juni 1994, kwenye barabara kati ya Kivumu na Kayove, akiwa kwenye msafara wa Interahamwe. Ni kesi nzuri kwa wasanii na wanaowasimamia. Nyingine ni ya Jean Kambanda, waziri mkuu wa serikali ile ya mpito, aliyekiri makosa 1 Mei 1998 na kufungwa maisha 4 Septemba mwaka huo. Hukumu yake ni fupi, unaimaliza kwa kikao kimoja, na humo anakubali kwamba aliiunga mkono RTLM akiiita silaha isiyoweza kukosekana katika vita dhidi ya adui.

Sasa yanayoharibika wakati wa kutumia. Mwenendo wa shauri upo kwa Kiingereza na Kifaransa, na mashahidi wengi walizungumza Kinyarwanda. Katika kesi ya Akayesu maneno yalitafsiriwa kwanza kwenda Kifaransa, kisha kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Majaji wenyewe walisema, aya ya 145, kwamba matoleo mawili yakitofautiana walitegemea ya Kifaransa. Kwa hiyo ukinukuu shahidi kutoka toleo la Kiingereza, unanukuu tafsiri ya tafsiri. Fungua na ya Kifaransa, tarehe ileile, uhakikishe. Hata kwa hukumu, ukurasa wa mwisho hutaja lugha ipi ndiyo yenye nguvu kisheria. Iangalie kabla ya kubishana juu ya neno moja.

Nyaraka nyingi za miaka ya mwanzo ni picha za karatasi zilizogongwa mihuri. Kutafuta kwa neno hakuzifikii vizuri, na tahajia za majina ya mahali hubadilika kati ya hati na hati. Ukikosa kitu kwa neno, tafuta kwa namba ya kesi, aina ya hati na tarehe, kisha pitia kwa macho. Usishtuke ukikuta namba za kurasa zilizoandikwa juu kwa mkono zinarudi nyuma, kubwa mwanzoni na ndogo mwishoni. Hiyo ni namba ya masjala, hati hazijachanganywa. Unaponukuu hukumu taja aya, siyo ukurasa. Mwenendo wa shauri utajie tarehe na ukurasa.

Mashahidi wengi wana herufi badala ya majina, na sehemu za ushahidi wao zilitolewa faraghani, hivyo utakuta kurasa zimekatika au maneno yamefutwa kwa wino mweusi. Wapo wanaolalamika kwamba ni urasimu. Sisi hatukubaliani nao. Juni 2021, mahakama ya Lakilaki iliwatia hatiani watu wanne katika kesi iliyohusu kuwarubuni mashahidi waliolindwa wakane ushahidi wao, karibu miaka 27 baada ya mauaji. Hatari haijaisha. Usijaribu kuunganisha dondoo ili umtambue shahidi J ni nani, na usimruhusu mwanafunzi wako afanye hivyo. Mwendesha mashtaka wa nchi anayehitaji ushahidi uliofungwa anayo njia rasmi, ombi la kulegeza ulinzi chini ya kanuni ya 86 ya IRMCT.

Upungufu mkubwa zaidi ni wa lugha. Mahakama ilikaa Arusha miaka ishirini, lakini lugha zake rasmi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa, na karibu kila kitu humu kiko kwa lugha hizo mbili. Kiswahili ndicho ambacho mtu wa Goma, Bujumbura, Kigoma na Eldoret wangeweza kusomea kesi moja. Kutafsiri aya ya 549 hadi 562 za Akayesu, na 677 hadi 693 za rufani ya vyombo vya habari, ni kazi ya wiki chache kwa watu wawili wanaojua sheria na lugha. Vyuo vya sheria vya ukanda huu viichukue.

Upungufu wa pili ni wa kihistoria. Mahakama hii haikumshtaki mtu yeyote wa upande wa RPF, ingawa mamlaka yake yaliruhusu. Msomaji asichukue kanzidata kama picha kamili ya kila kosa la 1994. Lakini pia asiitumie hoja hiyo kuyumbisha ukweli wa mauaji yenyewe: uamuzi wa rufani wa 16 Juni 2006, kesi ya Karemera, ICTR-98-44, ulisema mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ni jambo linalojulikana na wote, halihitaji tena kuthibitishwa kwa ushahidi. Upakue uamuzi huo uwe nao karibu. Ukanushaji unapoanza kwenye kundi la WhatsApp, ndiyo hati ya kwanza ya kuweka mezani.

Kwa alama: yaliyomo 5 kati ya 5. Utafutaji 3. Lugha, kwa msomaji wa Kiswahili, 1. Usalama wa mashahidi 5.

Jambo moja la haraka. IRMCT ni chombo cha muda, na Azimio 2740 la Juni 2024 lilimtaka Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aeleze chaguzi za mahali pa kuweka kumbukumbu hizi. Rwanda imeziomba kwa miaka mingi. Anwani za mtandao huhama taasisi zinapohama, na viungo vya zamani vya mahakama hii vimeshakufa zaidi ya mara moja. Kwa hiyo usihifadhi kiungo, hifadhi faili. Pakua hukumu ya Akayesu kwa lugha zote mbili, hati zake mbili za mashtaka, hukumu ya Kambanda, ya Bikindi, zote mbili za vyombo vya habari, na uamuzi wa Karemera. Kila faili lipe jina lenye namba ya kesi, tarehe na lugha, kwa mfano ICTR-99-52-A_2007-11-28_FR, na weka nakala moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye flashi.